Kasa iko wapi? Swali moja, majibu mawili kwenye Word na Excel

Msimu wa kukabidhi ripoti za utafiti ukiwadia, steshenari za Moshi zilizo jirani na vyuo huwa na mzozo mmoja unaojirudia kutwa nzima. Mwanafunzi anakuja na karatasi ya msimamizi wake: "Uk. 23, mstari wa 9, rekebisha." Dada wa kuchapa anafungua faili, anashuka hadi ukurasa wa 23, anahesabu mistari kwa ncha ya kalamu juu ya skrini, anakuta sentensi isiyo na kasoro yoyote.

"Dada, labda umefungua la zamani."

"Kaka, ni hili hili ulilonitumia leo asubuhi."

Arusha, kwenye ofisi za kampuni za utalii, tatizo lina sura nyingine. Mtu anaandika jina la mgeni huku macho yake yakiwa kwenye tarehe 14, jina linakwenda kukaa tarehe 3, na hakuna anayegundua mpaka gari limeshatumwa uwanja wa ndege siku isiyo yake. Na kwenye vikoba, pande zote mbili, utamkuta mweka hazina anayeapa kwamba mishale ya kibodi imekufa: anaibonyeza, karatasi nzima inateleza, lakini yeye habanduki alipo.

Mambo haya yanaonekana hayana undugu, ila ukiyafuata hadi mwisho yanarudi kwenye swali moja kuhusu kasa, yaani cursor, ile alama ya kuandikia kwenye skrini. Kasa iko wapi? Watu wengi wanadhani jibu lake linaonekana kwa macho. Halionekani, angalau si kila mara, na Word inalijibu kwa namna yake na Excel kwa namna yake.

Vitu vitatu vinavyoitwa kimoja

Tuanze na majina, kwa sababu nusu ya mkanganyiko iko hapo. Kasa ni alama inayoonyesha herufi yako ijayo itaingia wapi. Kwenye Word ni kijistari chembamba cha wima kinachowaka na kuzima. Kishale ni kile kinachofuata mkono wako unaposogeza mausi. Kikipita juu ya maandishi kinabadilika umbo na kufanana na herufi I kubwa, na hapo ndipo kinapofananishwa na kasa. Cha tatu hakina alama kabisa: ni dirisha, yaani kile kipande cha faili unachokiona kwenye skrini kwa wakati huo.

Hivi vitatu havifungwi pamoja. Kishale kinakwenda na mkono. Dirisha linakwenda na gurudumu la mausi, au na ule mkanda wa kuvuta upande wa kulia. Kasa inabaki pale ilipoachwa mpaka ubofye mahali pengine au ubonyeze kitufe kinachoihamisha. Unaweza kuwa na kishale chini ya skrini, dirisha likiwa ukurasa wa 40, na kasa imelala ukurasa wa 3 tangu ulipofungua faili.

Hata historia yao ni tofauti. Kasa inayopepesa iliombewa hataza mwaka 1967 na Charles Kiesling, mhandisi wa Sperry Rand nchini Marekani, na hataza hiyo ikatolewa mwaka 1970. Sababu ya kuifanya ipepese haikuwa urembo: alama iliyotulia katikati ya herufi zilizotulia ni vigumu kuiona. Kishale kilikuja kwa njia ya mausi, ambayo Douglas Engelbart aliionyesha hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Kimoja kiliumbwa kwa ajili ya kibodi, kingine kwa ajili ya mkono. Leo vinakaa skrini moja lakini kila kimoja bado kina kazi yake.

Ukilishika hilo, kisa cha ofisi ya utalii hakihitaji maelezo marefu. Yule ndugu aliskroli kwa gurudumu hadi tarehe 14, akaiona, akaanza kuandika bila kubofya. Dirisha lilihama, chaguo lake, yaani kile kisanduku cha jedwali alichokibofya mwanzo, halikuhama. Ni kweli kwamba Excel ilimrusha kurudi juu mara alipoanza kuandika, lakini mtu anayetazama vidole vyake kwenye kibodi hawezi kuliona hilo.

Hapa kuna jambo ambalo hata wachapaji wa siku nyingi hulisahau. Kitufe cha Page Down hakifanani na gurudumu. Ukikibonyeza kwenye Word, kasa inashuka pamoja na dirisha. Ukizungusha gurudumu, dirisha linashuka peke yake. Ukiwa na mazoea ya kuchanganya vyote viwili, huwezi kukumbuka uliacha kasa wapi.

Kuitafuta kwenye Word

Njia ya haraka kuliko zote ni kubonyeza mshale wa kushoto mara moja, halafu wa kulia mara moja. Dirisha litaruka hadi kwenye kasa na hakuna herufi itakayoharibika. Usijaribu kuitafuta kwa kubonyeza kitufe cha nafasi, kama wengi wanavyofanya. Ikiwa kuna maneno yaliyotiwa kivuli mahali usipopaona, nafasi hiyo moja itayafuta yote, na hutajua kilichopotea mpaka ripoti imeshatiwa jalada. Likitokea, Ctrl pamoja na Z kabla ya kufanya kitu kingine chochote.

Kuna kitufe kingine ambacho kingeokoa muda mwingi wa steshenari kama kingejulikana: Shift pamoja na F5. Hiki kinakurudisha mahali pa mwisho ulipohariri, na ukikirudia kinakupeleka kwenye sehemu kadhaa za kabla ya hapo. Umeme umekatika, umerudi, umefungua faili la kurasa 90 na kasa iko juu kabisa kwenye jalada? Bonyeza Shift na F5 kabla ya kugusa kitu kingine. Matoleo ya Word tangu 2013 pia huleta kijiujumbe pembeni cha kukukaribisha tena. Ukikibofya kinakupeleka ulipoishia.

Ukitaka Word ikutajie kwa namba kasa ilipo, tazama ule mkanda mwembamba wa chini kabisa ya dirisha. Zamani, hadi Word 2003, mkanda huo ulionyesha wenyewe namba ya mstari na ya herufi. Kuanzia 2007 vikafichwa, na kizazi kizima kimekua bila kujua kuwa vipo. Bofya mkanda huo kwa kitufe cha kulia cha mausi, utaona orodha ndefu. Weka tiki kwenye Line Number na Column. Kuanzia hapo, kila kasa inaposogea utaambiwa iko mstari wa ngapi kutoka juu ya ukurasa, na herufi ya ngapi kutoka kushoto.

Kwenye orodha hiyo hiyo utaona pia Page Number na Formatted Page Number. Msizichukulie kuwa kitu kimoja. Ya kwanza inahesabu karatasi tangu jalada. Ya pili inakupa namba kama ilivyochapwa chini ya ukurasa. Ripoti ya chuo huwa na kurasa za mwanzo zenye i, ii, iii, kisha Sura ya Kwanza inaanza na 1. Kwa hiyo "ukurasa wa 23" wa msimamizi aliyeshika karatasi na "ukurasa wa 23" wa dada anayehesabu kwenye skrini vinaweza kupishana kwa kurasa kumi na zaidi, na wote wawili wakawa sahihi. Ukitumia Ctrl na G kwenda ukurasa fulani, Word inakubali uandike p23s2, maana yake ukurasa wa 23 wa sehemu ya pili ya faili, mradi faili liligawanywa sehemu ipasavyo.

Lakini tuseme namba za kurasa zinalingana. Bado mstari wa 9 unaweza kukataa kuwa mstari wa 9. Hapa ndipo penye kiini chenyewe, na panataka utulivu kidogo.

Word haijui kurasa

Kwa Word, maandishi yako ni herufi zilizopangwa moja nyuma ya nyingine tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Kasa haikai juu ya herufi, inakaa kati ya herufi mbili. Neno "Moshi" lina herufi tano, lakini lina nafasi sita ambazo kasa inaweza kusimama: kabla ya M, baada ya i, na nne za katikati. Mahali halisi pa kasa ni hapo tu: baada ya herufi ya ngapi. Ukurasa na mstari ni hesabu inayofanywa baadaye, kila mara upya, kulingana na ukubwa wa karatasi, pambizo, aina ya herufi na mpangilio wa printa.

Fikiria foleni ya benki siku ya mishahara, imetoka mlangoni na kujipinda kwenye baraza lenye nguzo. Wewe uko nyuma ya mama mwenye kanga ya bluu na mbele ya askari wa mgambo. Hiyo ndiyo nafasi yako, na haibadiliki. Mtu akikuuliza kwa simu uko wapi, unaweza kumjibu "nguzo ya tatu". Ni kweli kwa sasa hivi. Watu wakijibana kidogo kukwepa jua, utajikuta nguzo ya pili bila kuruka mtu hata mmoja. Ukurasa wa 23 mstari wa 9 ni nguzo. Mama mwenye kanga ya bluu ndiye nafasi.

Sasa rudi kwenye ripoti. Faili alilonalo msimamizi limewekwa karatasi ya A4, milimita 210 kwa 297. Faili la mwanafunzi, kwa sababu programu iliwekwa na mtu asiyegusa mipangilio, limebaki na karatasi ya Kimarekani ya Letter, milimita 216 kwa 279. Letter ni fupi kwa milimita 18. Kwa maandishi ya ukubwa wa 12 yenye nafasi ya mstari mmoja na nusu, hiyo ni kama mistari miwili pungufu kwenye kila ukurasa. Upana wa ziada wa Letter unarudisha sehemu ya hasara hiyo, lakini hauifuti. Ukifika ukurasa wa 40, mmeshapishana kwa zaidi ya ukurasa mzima. Ongeza kwamba kompyuta moja haina aina ya herufi iliyotumika, ikaweka nyingine inayofanana nayo lakini nene kidogo. Ongeza kwamba mwanafunzi anatumia LibreOffice, programu za bure zinazofanya kazi kama za Word na Excel, ambayo inakata mistari kwa hesabu zake yenyewe. Dada wa steshenari hana kosa hapa. Hana hata namna ya kuwa na kosa.

Kwa maoni yangu, msimamizi anayesahihisha kwa namba za mistari juu ya faili la Word anajisumbua na anawasumbua wenzake. Akitaka namba, atume na apokee PDF, maana PDF imeshagandisha kila herufi mahali pake na wote wataona kitu kimoja. Word pia inaweza kuchapa namba za mistari pembezoni mwa ukurasa, kwenye Layout, kisha Line Numbers. Ziweke kwanza, halafu ndipo uitoe kuwa PDF. Kama ni lazima iwe Word, basi aweke maoni pembeni ya sentensi yenyewe, au aandike maneno matatu manne ya sentensi hiyo, na mchapaji ayatafute kwa Ctrl na F. Maneno hayahami nguzo.

Aliyezoea Notepad, ile programu ndogo ya maandishi matupu ya Windows, atauliza mbona kule mstari wa 9 ni mstari wa 9 siku zote. Ni kwa sababu Notepad inahesabu mistari kwa kufuata mahali ulipobonyeza Enter, wakati Word inahesabu mistari inayoonekana kwenye ukurasa. Aya ndefu ya mistari nane ya Word, kwa Notepad ni mstari mmoja.

Excel: kila mahali pana anwani

Ukihamia Excel, mambo yanageuka. Hapa mahali pana jina lake kabla hujaandika chochote. Mtindo wa kuziita kolamu kwa herufi na mistari kwa namba ulienezwa na VisiCalc, programu ya Dan Bricklin na Bob Frankston iliyotoka mwaka 1979, na umebaki hadi leo. Seli, yaani kisanduku kimoja cha jedwali, iliyo kwenye kolamu ya C, mstari wa 7, ni C7, iwe na fedha au iwe tupu, ukiichapa kwa A4 au kwa karatasi ya aina yoyote.

Kwa hiyo kuuliza kasa iko wapi kwenye Excel ni kuuliza seli ipi imechaguliwa. Jibu liko juu kushoto, kwenye kisanduku kidogo kilicho mwanzoni mwa mstari wa fomula. Kimeandikwa C7, basi uko C7, hata kama skrini yako inaonyesha mstari wa 900. Herufi ya kolamu na namba ya mstari huo navyo hubadilika rangi kidogo pembeni. Kisanduku hicho kinapokea amri pia: andika C412 ndani yake, bonyeza Enter, utapelekwa.

Na ukiwa umeskroli hadi umepotea, Ctrl pamoja na Backspace inalirudisha dirisha kwenye seli uliyochagua bila kuihamisha. Inafanya kazi Excel, inafanya kazi Calc ya LibreOffice, inafanya kazi Google Sheets. Karatasi ya Excel tangu 2007 ina mistari 1,048,576 na kolamu 16,384, ya mwisho ikiitwa XFD. Kutafuta seli kwa macho ndani ya uwanja wa ukubwa huo ni kujitesa.

Ukiwa umechagua seli nyingi kwa pamoja, moja kati yao ni nyeupe wakati nyingine zina kivuli. Ile nyeupe ndiyo itakayopokea maandishi. Ukiendelea kubonyeza Enter au Tab, weupe utazunguka ndani ya eneo ulilochagua bila kutoka nje, jambo linalomfaa sana mtu anayejaza makusanyo ya kikoba mwanachama hadi mwanachama. Kama juu ya jedwali kuna seli zilizounganishwa kubeba jina la kikundi, anwani yake ni ile ya kona ya juu kushoto tu.

Sasa yule mweka hazina. Kibodi yake ni nzima. Amewasha Scroll Lock, pengine kwa kugusa kitufe bila kujua. Ikiwa imewashwa, mishale inasogeza dirisha badala ya kuhamisha chaguo, na mkanda wa chini wa Excel kwa kawaida huandika Scroll Lock. Laptopu nyingi hazina kitufe hicho, ndiyo maana watu wanazunguka mpaka kwa fundi. Shika kitufe cha Windows na R, andika osk, bonyeza Enter. Itatokea kibodi juu ya skrini yenye ScrLk, ibofye, kwisha. Fundi anayekuuzia kibodi mpya kwa tatizo hili anakula hela yako.

Mishale inapoandika badala ya kutembea

Hili linawachosha watu kuliko yote, na ni nadra kulikuta limeelezwa vizuri. Unaandika fomula ya jumla ya hisa kwenye F20. Katikati unaona umekosea herufi moja nyuma. Unabonyeza mshale wa kushoto ili urudi kuirekebisha. Badala ya kasa kurudi, fomula inaongezewa E20. Unabonyeza tena, E20 inageuka D20. Sasa una fomula mbovu kuliko ulivyoanza.

Tazama kona ya chini kushoto. Excel huandika hapo neno moja linalokuambia iko katika hali gani. Ready maana yake hujaingia ndani ya seli, na mishale inakutembeza kutoka seli moja hadi nyingine. Enter maana yake umeanza kuandika seli upya. Hapo ukibonyeza mshale kwenye maandishi ya kawaida, Excel inachukulia umemaliza na inakupeleka seli ya jirani. Lakini kama unachoandika ni fomula na umefika mahali panaposubiri anwani, baada ya alama ya kujumlisha kwa mfano, mshale unaingia hali ya Point na unaokota anwani za seli. Edit ndiyo hali ambayo mishale inasogeza kasa ndani ya maandishi yenyewe, herufi kwa herufi, kama Word.

Kitufe cha kubadilisha ni F2. Ukiwa Enter au Point, bonyeza F2 mara moja, soma kona ile: imeandika Edit, basi mshale wa kushoto sasa utarudi kushoto. Ukikibonyeza tena unarudi kuokota anwani. Ukiwa umeshavuruga, Esc inakutoa bila kuhifadhi chochote.

Kwa hiyo Excel ina mahali pawili pa kuuliza kwa wakati mmoja. Seli ipi, na ukiwa ndani ya seli, kati ya herufi zipi. La kwanza lina anwani isiyobadilika. La pili ni foleni ile ile ya Word, ila ndani ya kisanduku kidogo.

Imani chache za kuachana nazo

"Ctrl na Home inakupeleka A1." Mara nyingi, ndiyo. Lakini ukiwa umegandisha vichwa vya jedwali ili visipotee unaposhuka, inakupeleka kwenye seli ya kwanza isiyogandishwa. Umegandisha mstari wa juu na kolamu ya majina, utatua B2.

"Ctrl na End inakupeleka mwisho wa data yangu." Inakupeleka kwenye kona ya mwisho ya eneo ambalo Excel inaliona limetumika, na rangi au mipaka ya seli nayo inahesabiwa. Ukipaka rangi mstari wa 5000 kwa bahati mbaya, Excel itauheshimu mstari huo.

"Nikisema D214 kila mtu anajua namaanisha mgeni yupi." Hapana. D214 ni mahali, na wageni wanahama. Mwenzako wa pale Arusha akipanga orodha kwa tarehe ya kuwasili, D214 yako itakuwa na familia nyingine kabisa kabla hamjamaliza kuongea kwenye simu. Hapa Excel ni kinyume cha Word: kule maneno ni yale yale namba zinahama, huku namba ni zile zile maneno yanahama. Akiwa ameweka kichujio, namba za mistari zinageuka bluu na zinaruka, 12, 19, 47. Mistari ya katikati haijafutwa, imefichwa. Kwa mazungumzo ya simu, taja namba ya nafasi ya mgeni, si anwani ya seli.

"Fomula ya =ROW() inanionyesha nilipo." Inaonyesha mahali fomula yenyewe ilipokaa. Unaweza kwenda upande wa pili wa karatasi, haitabadilika.

"Kasa ikilala upande, kompyuta ina kirusi." Kwenye Word kasa hulala ukiwa kwenye maandishi ya mlazo, na hurefuka au hufupika kulingana na ukubwa wa herufi. Inakuonyesha mapema herufi ijayo itatokaje. Kwenye LibreOffice Writer ikigeuka kuwa kibonge kinachomeza herufi zilizo mbele, umegusa kitufe cha Insert, kiguse tena.

Kwa wazee na wengine wenye macho yaliyochoka, mipangilio ya Windows, sehemu ya Accessibility, ina kipengele cha Text cursor kinachoongeza unene wa kasa na kuiwekea alama za rangi juu na chini. Kishale nacho, kwenye mipangilio ya mausi, kinaweza kuwekwa kijitokeze kwa duara kila unapobonyeza Ctrl. Ni kazi ya dakika moja, na steshenari ingeweza kuiweka kwenye mashine zote.

Kwenye Google Docs kasa zinaweza kuwa nyingi, kila mmoja na yake, zina rangi na majina. Ukitaka kujua mwenzako anahariri wapi, bofya duara lenye picha au herufi ya jina lake juu kulia, utapelekwa alipo yeye. Yako haina jina kwenye skrini yako, na wanafunzi wanaoandika kazi ya kundi huifuata ya mwenzao wakidhani ni yao.

Na kwa wanaochapa kwa simu, ambao ni wengi siku hizi, usihangaike kulenga kwa kidole kati ya herufi mbili. Kwenye kibodi ya Google, telezesha kidole kushoto au kulia juu ya kitufe cha nafasi, kasa itafuata. Kwenye iPhone, shikilia kitufe hicho kwanza, kisha sogeza. Kwenye Excel ya simu, kugusa mara moja kunachagua seli. Kugusa mara mbili kunakuingiza ndani yake, na hapo ndipo kile kijistari kinapoonekana.